Sura ya Nne: Mkomamanga na Kiangazi cha Ulyankulu

Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoani Tabora, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha karibu nusu mwaka hupita anga ikiwa kavu. Mgomba wa uani huteseka wakati huo. Mkomamanga hautishiki: unachoogopa ni maji yanayokuja ovyo.

Asili yake ni nchi kavu, kuanzia Iran hadi kaskazini mwa India. Oman inasifika kwa makomamanga ya Jabal Akhdar, yanayolimwa kwenye matuta ya mlimani na kunyweshwa kwa mifereji ya kale. Wafanyabiashara wenye asili ya Oman ndio waliokuza Kazeh, kituo cha misafara katika sehemu ya Tabora ya leo, ambako mpelelezi Mwingereza Richard Burton alifika Novemba 1857. Miembe ndiyo alama inayojulikana zaidi ya njia ile ya misafara, lakini ardhi ya kichanga isiyotuamisha maji, iliyo nyingi katika ukanda huu wa miombo, inaufaa pia mkomamanga.

Wakulima wa Maharashtra, India, huamua wenyewe mti uchanue lini. Huunyima maji mwezi mmoja au miwili hadi majani yaanze kupukutika, huupogoa kidogo, huweka samadi, kisha huunywesha tena. Mti ulioshtuliwa hivyo hutoa maua kwa wingi. Tunda hukomaa miezi mitano hadi saba baadaye.

Hapo ndipo kupanda kwenye chombo, kama pipa, kunapokuwa na faida kuliko kupanda bustanini. Mti wa ardhini, usiponyweshwa, mara nyingi husubiri mvua za kwanza ndipo uchanue, na maua yakalowa. Mti wa kwenye pipa husogezwa chini ya paa mwezi Machi na kunyimwa maji wiki tatu au nne, maana udongo wa chombo hukauka upesi. Aprili unaanza kunyweshwa. Matunda yatakua kiangazi chote na kuiva kuanzia Oktoba, kabla mvua hazijapamba moto. Mti wenye umri chini ya miaka miwili usishtuliwe. Bado unajenga mizizi.

Kuanza si kazi kubwa. Kata kipande cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi, ukichimbie theluthi mbili kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu huota vizuri, ila mti wake unaweza usifanane na mama yake. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kwa mwanzo. Baadaye uhamishie kwenye pipa la lita 40 hadi 60. Changanya udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Machipukizi ya shinani yakatwe, yabaki mashina matatu au manne.

Maua mengi yatadondoka, na wengi hudhani mti unaumwa. Okota machache uyatazame. Yaliyo membamba kwenye kitako, mfano wa kengele, hayazai kamwe. Yanayozaa yana kitako kinene kama cha mtungi, na ndiyo ya kuyahesabu. Mkomamanga hujichavusha wenyewe, lakini nyuki husaidia, na Tabora ni mkoa wa asali.

Tatizo la pili ni kupasuka. Ganda lililokakamaa kwa kiu haliwezi kutanuka punje zinapovimba ghafla baada ya maji mengi. Tunda likishashika, nywesha kwa kipimo kilekile na ufunike udongo kwa nyasi kavu. Funga kila tunda kwa mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi likiwa bado dogo, maana viwavi hutoboa na kuingia ndani.

Usichume kwa rangi pekee. Tunda lililoiva huanza kupoteza uviringo, mbavu zake zikawa bapa, na ukiligonga kwa kidole hutoa mlio mkavu. Likichumwa bichi haliendelei kuiva, hivyo lisubiri mtini, kisha likate kikonyo kwa mkasi badala ya kulivuta.