Fahamu: Mwendokasi ya umeme ya Dakar

Mei 2024, Dakar, mji mkuu wa Senegal, ulianza kubeba abiria kwa mabasi ya mwendokasi yanayotumia umeme mtupu, mtandao wa kwanza wa aina hiyo kusini mwa Sahara.

Njia ina kilomita 18.3 na vituo 23, kutoka Petersen, katikati ya mji, hadi Guédiawaye. Safari iliyokuwa ikila dakika 95 ilipangwa ishuke hadi 45. Kasi hiyo haitoki kwenye betri. Inatokana na barabara ya peke yake, ambamo teksi na car rapide, vile vibasi vikuukuu vya buluu na manjano, haviruhusiwi kuingia. Nauli hulipwa kabla ya kupanda, na sakafu ya basi iko usawa wa jukwaa, hivyo mama mwenye mtoto mgongoni hapandi ngazi. Dar es Salaam inaufahamu utaratibu huo tangu 2016, ila ilianza kwa dizeli.

Je, hewa imesafika? Barabarani basi halitoi moshi. Lakini sehemu kubwa ya umeme wa Senegal bado huzalishwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo moshi umehama zaidi kuliko ulivyokwisha.