Je, Wajua? Nyatiti katika Filamu ya Kibera
Filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu yake ilirekodiwa mtaa wa Kibera, Nairobi, inabeba wimbo Kothbiro wa Ayub Ogada, mwimbaji na mpigaji wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8. Wamarekani huimba huzuni yao kwa bluzi. Huzuni ya Ogada katika wimbo huu nayo haihitaji mkalimani. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda. Aliwahi kuimba katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, kabla ya kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, Real World, kutoa albamu yake En Mana Kuoyo mwaka 1993. Kothbiro ni ya zamani zaidi: kundi lake la Nairobi, Black Savage, liliirekodi miaka ya 1970. Ogada alifariki mwaka 2019.