Chura wa bustanini: mfuge bila kumfungia



Wiki iliyopita kijana mmoja anayelima nyanya na hoho kule Kibaha alinitumia picha WhatsApp. Ndoo ya lita 20, ndani yake vyura watatu wakubwa. "Shikamoo bwana shamba. Hawa nimewakuta kwenye kitalu, nataka niwafuge. Wanakula nini? Pumba wamekataa." Nilicheka, halafu nikawasha pikipiki nikaenda, maana kitalu chenyewe nilikuwa nakijua: sota walikuwa wanamkatia miche kila usiku. Yaani kawakamata walinzi, kawafungia ndani.

Nazungumzia wale vyura wa ngozi kavu yenye vinundu, wanaoruka hatua fupi fupi na kujificha mchana chini ya mawe na majani. Usiku wanatoka kula: sota, chenene, nyenje, konokono wadogo, mchwa, panzi waliolala. Chura hatambui chakula kisichotembea, ndiyo maana hata ukimwekea pumba mwezi mzima atakufa njaa huku anaitazama.

Tusidanganyane lakini. Chura hapandi mmea, kwa hiyo kantangaze, nzi weupe na vidukari huko juu kwenye majani hawamhusu. Tena hachagui, anakula na wadudu wazuri. Ukiwa na mizinga ya nyuki iliyokaa chini, anaweza kukaa mlangoni anameza nyuki mmoja mmoja, kwa hiyo itundike. Kazi yake ni ya chini, ya usiku, na hakudai mshahara.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Chura hanywi maji kwa mdomo. Anakaa mahali penye unyevu na maji yanaingia kupitia ngozi ya tumboni na mapajani. Kama udongo una sumu, na sumu inaingia kwa njia hiyo hiyo. Hili nililijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimshauri mama mmoja amwagie dawa ya sota kwenye matuta yote jioni, kisha amwagilie maji. Asubuhi tuliokota vyura saba, miguu imenyooka. Yule mama hakunilaumu, aliuliza tu, "Na hawa walikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza dawa ya sota, kwanza namwambia alime na kupalilia mapema kabla ya kupanda, achimbue pembeni ya mche uliokatwa amtoe sota kwa mkono, na avishe miche vikombe vya karatasi shinani. Ikibidi dawa, basi weka pale penye shida, siyo shamba zima, na ufuate kibandiko.

Ukitaka kumfuga, mfuge hivi. Chukua chungu au ndoo iliyovunjika, ilaze chali-upande, ufukie nusu kwenye kivuli karibu na kitalu. Hiyo ni nyumba yake. Weka sahani pana ya maji, kina kisizidi vidole viwili, ubadilishe kila siku. Tandaza majani makavu kati ya matuta. Kama una bwawa la kumwagilia lenye karatasi ya nailoni, weka ubao au kamba nene itokayo majini hadi ukingoni, maana nailoni inateleza na chura akizunguka usiku kucha anachoka na kuzama. Taa ya nje nayo inasaidia: wadudu wanaifuata taa, yeye anawasubiri chini.

Kama tayari umeshamfungia, usimtese. Beseni pana lenye mfuniko wa wavu, udongo wenye unyevu wa kina cha kiganja, kigae cha kujificha, na kivuli, siyo chini ya bati saa saba mchana kama nilivyokuta Kibaha. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Ya bomba yaache wazi usiku mzima kwanza, klorini ipungue. Mpe wadudu hai, wadogo kuliko upana wa kichwa chake, kutoka mahali pasipopigwa dawa. Usichanganye mkubwa na mdogo. Mkubwa atammeza mwenzake bila aibu. Nawa mikono kabla ya kumshika, kwa sababu sabuni na dawa zilizobaki mkononi zinamwingia. Nawa tena baada ya kumshika, kwa sababu nyuma ya macho ana tezi zinazotoa utomvu mweupe wenye sumu. Hapana, hakupi sugu. Lakini usijiguse macho. Mbwa akimng'ata atatoa povu: msafishe mdomo kwa maji ukimwinamisha kichwa asimeze, kisha mpigie daktari wa mifugo haraka.

Siku chache zinatosha. Mrudishe jioni, pale pale ulipomtoa. Usimpeleke shamba la rafiki yako wilaya nyingine, kwani unaweza kusafirisha ugonjwa. Kuna kuvu inayoua vyura duniani kote, na ilikutwa hata kwa chura wetu wa Kihansi, ambaye alitoweka porini na kuzalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani kabla ya kurudishwa korongoni mwaka 2012. Na wa kuuza, sahau: kukamata wanyamapori ni suala la kibali chini ya sheria ya mwaka 2009. Muulize afisa wanyamapori wa wilaya.

Australia mwaka 1935 walileta vyura kutoka Hawaii wale wadudu wa miwa. Wadudu hawakuisha, vyura wakaenea na kuua wanyama waliojaribu kuwala. Chura afanye kazi kwao.

Yule kijana tuliwaachia pamoja, saa kumi na mbili na nusu, kando ya kitalu. Wawili wakaingia kwenye majani. Wa tatu alibaki amekaa kwenye udongo uliolowa, tumbo limegusa chini, dakika kama ishirini, anakunywa. Kijana aliniuliza kama anaumwa. Nikamwambia hapana, ana kiu tu. Ndoo ameitoboa, sasa ndiyo nyumba yao.