Utangulizi: Mpime Mtoto Kabla ya Kupima Mbao

Mtoto wa Maposeni, mkoani Ruvuma, anayeandikishwa darasa la kwanza hupimwa na fundi cherehani mabega, kiuno na urefu kabla kitambaa cha sare hakijakatwa. Akifika darasani hupewa dawati ambalo halikupimwa kwa mwili wa mtoto yeyote, na hilo ndilo atakalolikalia asubuhi hadi mchana kwa miaka. Taaluma ambayo ninamkaribisha msomaji aijue inaanzia hapo. Ni ergonomia, elimu ya kulinganisha kazi na vifaa na mwili wa anayevitumia. Tawi lake la vipimo vya mwili huitwa anthropometria. Majina hayo yasimtishe mtu. Vifaa vya kuanzia ni tepu, ubao mnyoofu, daftari na mtoto aliyevua viatu.

Kipimo cha kwanza ndicho mama wa vyote. Mkalishe mtoto, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, goti likunjwe nyuzi 90, kisha pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Ongeza sentimita mbili hivi za soli ya kiatu. Ubao wa kukalia usivuke hapo, na ni heri ushuke kidogo. Ukivuka, miguu inaning'inia, ukingo wa ubao unabana paja kwa chini, damu haipiti vizuri na miguu inaingia ganzi. Mtoto hujivuta mbele mpaka vidole viguse chini. Papo hapo mgongo umeachana na egemeo, na sasa anajishikilia kwa viwiko juu ya dawati. Mwalimu huandika kwamba hatulii. Mara nyingi mtoto huyo anatafuta sakafu tu.

Vipimo vingine viwili vinafuata. Urefu wa paja, kutoka makalio hadi nyuma ya goti, ndio unaoamua upana wa ubao wa kukalia kutoka mbele kwenda nyuma: ukizidi urefu wa paja, egemeo halina kazi. Na kimo cha kiwiko, mtoto akiwa ameketi na mkono umelegea, ndicho kinachoamua meza, ambayo ipite kiwiko kwa sentimita chache tu. Ikipanda sana, bega hupanda nayo na macho hukaribia karatasi.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1865 daktari Fahrner wa Zurich aliandika kitabu kizima kuhusu mtoto na meza ya shule. Miaka miwili baadaye Hermann Cohn wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, alitoa matokeo ya kuchunguza macho ya watoto wa shule 10,060, na madawati mabaya yakawa miongoni mwa mambo aliyoyalaumu. Karne iliyofuata daktari Mandal wa Denmark alipinga hata ule mkao wa nyuzi 90, akataka viti virefu zaidi vinavyoinamia mbele. Mjadala huo ni mtamu, lakini kwa shule zetu naona ni wa baadaye. Nchi tajiri nazo hazijamaliza kazi: mwaka 1999 watafiti walipima wanafunzi 74 wa Michigan, Marekani, wakakuta chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyepata kiti na meza vinavyomfaa.

Kwetu Tanzania, historia ya dawati ni historia ya idadi. Azimio la Musoma la 1974 lilifungua milango ya elimu ya msingi kwa wote. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika, na kampeni ya madawati ikaenea kila mkoa. Bunge lenyewe lilitoa shilingi bilioni 6 zilizotokana na kubana matumizi yake. Kampeni ile ilikuwa ya haki kabisa. Mtoto anayeandikia magotini juu ya saruji, katika baridi ya Juni ya Songea, hana haja ya kusikia habari za pembe ya goti. Lakini taarifa zilihesabu madawati yaliyopo na yanayopungua, hazikusema yana kimo gani, na dawati la kipimo kimoja likazoeleka kuwa ndilo dawati.

Hapo ndipo Ruvuma inapohitaji uangalifu wake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, kwa asilimia 44 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Watoto wale waliingia shuleni. Ongeza wale walioanza shule wakiwa wamechelewa, na wasichana ambao hurefuka kwa kasi mapema kuliko wavulana, utaona kwa nini darasa moja linaweza kuwa na miili ya vimo vya mbali mno. Kupanga madawati kwa jina la darasa hakutoshi. Yapangwe kwa kimo.

Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1729 kinafanya hivyo, tena kwa rangi. Mtoto wa sentimita 108 hadi 121 hupewa kiti cha sentimita 31 na meza ya 53, alama ya zambarau. Wa sentimita 146 hadi 176 hupewa kiti cha 43 na meza ya 71, alama ya kijani. Tusizinakili namba hizo kama zilivyo, kwa kuwa uwiano wa miguu na kiwiliwili hutofautiana kati ya jamii na jamii. Tuchukue wazo: vimo vitatu au vinne kwa shule, na rangi ubavuni mwa kila dawati.

Maposeni haina sababu ya kusubiri. Peramiho iko jirani, na tangu Wabenediktini walipofika mwaka 1898 karakana zake zimelea mafundi seremala kizazi baada ya kizazi. Dawati la mbao lililo refu mno hufupishwa kwa msumeno. La chuma linaweza kuwekewa ubao wa kukanyagia. Mwalimu, nakuomba muhula ujao uwapime wanafunzi wako kimo cha nyuma ya goti, uandike namba zao, na umpelekee fundi karatasi hiyo kabla hajanunua mbao.