Kupunguza Mzigo wa Kupakua Diski za Linux

Linux ni kiini cha mifumo ya kuendeshea kompyuta, nacho kilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho, kama Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, hutolewa bila malipo. Hata hivyo, kisichouzwa si lazima kiwe hakina gharama. Shule inayouhitaji mfumo huo hupakua taswira ya diski, yaani faili moja kubwa lenye nakala kamili ya yote yaliyomo katika diski ya kusakinishia.

Ukubwa wa mzigo

Diski ya DVD ya tabaka moja huchukua baiti 4,700,000,000 hivi. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, jumla ni biti 37,600,000,000. Njia ya mawasiliano inayopitisha biti 1,000,000 kwa sekunde itahitaji sekunde 37,600, yaani zaidi ya saa 10. Kila baada ya miezi michache Debian hutoa toleo la marekebisho, ambamo vifurushi vingi vya programu hubaki vilevile. Kuipakua diski nzima upya ni kulipia mara ya pili kitu ambacho tayari kimo kabatini.

Diski kama picha ya vipande

Ufumbuzi mmoja ni programu iitwayo jigdo, iliyotungwa na Richard Atterer. Jina lake limetokana na mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Badala ya taswira nzima, mtumiaji hupakua mafaili mawili madogo. La kwanza ni orodha ya vifurushi na mahali vinapopatikana. La pili ni kiolezo, chenye mpangilio wa diski na data zote zisizotoka katika vifurushi hivyo.

Programu huikagua diski ya zamani, huchukua vifurushi visivyobadilika, hupakua vilivyopungua tu, kisha hupanga kila kimoja mahali pake. Ikiwa robo tatu ya data zimo katika diski ya zamani, sekunde 37,600 hupungua hadi 9,400 hivi, yaani saa 2 na dakika 36.

Kutambua kisichobadilika

Jina la faili halitoshi kuthibitisha yaliyomo. Kwa hiyo kila kifurushi hupewa nambari ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na baiti zake zote, mfano wa alama ya kidole. Herufi moja ikibadilika, nambari hubadilika kabisa. Kanuni ya MD5 hutoa nambari ya biti 128. Lakini mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa makusudi yakawa na nambari moja ya MD5. Ndiyo sababu kanuni imara zaidi, kama SHA-256 yenye biti 256, hupendelewa. Mwishoni taswira nzima hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Nambari zikilingana, taswira iliyounganishwa nyumbani ni sawa, baiti kwa baiti, na ile iliyotengenezwa na watoaji.

Faida na mipaka

Watoaji nao hunufaika. Vifurushi vimekwisha kuwekwa katika ghala zao za intaneti, hivyo hawalazimiki kuvihifadhi tena ndani ya mataswira makubwa. Lakini asiye na diski ya zamani hatapunguziwa mzigo, kwani vipande vyote bado vitapakuliwa. Huyo hufaa atumie diski ndogo ya usakinishaji wa mtandaoni, ambayo huleta vifurushi vilivyochaguliwa tu. Na shule yenye kompyuta nyingi hufaa ipakue taswira mara moja, iihakiki, kisha iinakili kwa kila kompyuta.

Kanuni yenyewe ni moja: kabla ya kuomba data kutoka mbali, sharti ifahamike kwanza kilichomo nyumbani.