Fahamu: Elimu ya awali inayomfuata mtoto ni nini?

Ni ufundishaji unaomwachia mtoto achague shughuli na kasi yake, huku mwalimu akiandaa mazingira, akitazama na kuuliza. Si kumwacha acheze ovyo.

Ilianzia wapi?

Jina linalotajwa zaidi ni Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907. Nchini Tanzania, Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016 ulisisitiza michezo na kona za ujifunzaji: ya hisabati, ya nyumbani, ya lugha.

Na kwetu, wilaya za Karagwe na Kyerwa, je?

Hapa vifaa havina gharama kubwa. Maharage na buni ni vya kuhesabia, maganda makavu ya mgomba ni ya kusukia na kujengea. Lugha ndiyo kazi ngumu zaidi. Watoto wengi huja wakizungumza Kinyambo, wakati darasa ni la Kiswahili. Mtoto anayepanga duka la kuigiza na wenzake hupata sababu ya kusema. Anayeimbishwa "a, e, i, o, u" asubuhi nzima huitikia tu.

Kikwazo kiko wapi?

Mwongozo wa serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wakiwa 80, kona hazitoshi. Wazazi nao hupima shule kwa daftari lililojaa, kipimo kibovu kwa mtoto wa miaka mitano.

Ukienda kuandikisha mwanao, omba uonyeshwe kona hizo.