Mazoezi hayajazi kinga, huitembeza

Tumezoea kusikia kwamba mazoezi "yanaongeza kinga", kana kwamba kinga ni akiba inayokua kila mtu akikimbia. Ukipima damu ya anayepanda kilima kwa kasi, ni kweli utakuta chembe nyeupe zimeongezeka ndani ya dakika chache. Lakini muda huo hautoshi mwili kuzalisha chembe mpya. Nyingi zilikuwa zimetulia kwenye wengu na kwenye kuta za mishipa. Adrenalini imezibandua na kuzitia mkondoni. Saa moja au mbili baadaye idadi yake hushuka, pengine chini ya ilivyokuwa mwanzo. Kushuka huko kuliwatia wataalamu hofu, wakadhani mkimbiaji hubaki bila ulinzi. Maelezo yenye nguvu zaidi siku hizi ni kwamba chembe hizo zimehamia kwenye tishu kufanya doria.

Doria hiyo ndiyo inayowavutia wachunguzi wa saratani. Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen, wakiwemo Pernille Hojman na Bente Klarlund Pedersen, walichapisha matokeo ya panya waliowekewa magurudumu ya kukimbilia. Ukuaji wa uvimbe ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Ndani ya uvimbe kulikuwa na seli nyingi zaidi za NK, chembe nyeupe zinazoua seli mbovu bila kungoja kufundishwa. Walipoziondoa seli hizo, faida ikatoweka. Walipozuia adrenalini kwa dawa ya propranololi, ikatoweka vilevile. Interlukini-6, ambayo misuli huitoa inapofanya kazi, nayo ilikuwa na sehemu yake.

Panya si binadamu, na pingamizi hilo ni halali. Kwa binadamu kuna jingine gumu zaidi: huenda anayefanya mazoezi ndiye aliyekuwa na afya tangu awali. Ndiyo maana jaribio la CHALLENGE, lililochapishwa 2025, lina uzito. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha pasuliwa na kumaliza tiba ya kemikali, waligawanywa kwa kura. Wengine wakasimamiwa mazoezi kwa miaka 3, wengine wakapewa maandishi ya elimu ya afya tu. Kufikia mwaka wa 8, makadirio ya waliokuwa hai yalikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Hata hivyo jaribio lilithibitisha faida, si njia yake. Insulini na inflamesheni ya mwilini nazo huguswa na mazoezi, na mimi sioni sababu ya kuipa kinga sifa yote.

Mtu atauliza mbona wakulima wanaoshika jembe tangu alfajiri nao huugua. Saratani hazina chanzo kimoja. Ile ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, na hapo kinga hufundishwa kwa chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Kukimbia hakuwezi kushika nafasi yake.

Kuna pia wale wanaomhimiza mgonjwa alale tu. Kulala muda mrefu hunyong'onyeza misuli na kuzidisha uchovu uleule unaokimbiwa. Lakini ambaye saratani imefika kwenye mifupa, au chembe sahani zake zimeshuka, amwone daktari kabla ya kuanza. Hata katika CHALLENGE, matatizo ya misuli na mifupa yaliwapata asilimia 18.5 ya waliofanya mazoezi, dhidi ya 11.5 ya wenzao.